Risasi Isiyopiga Hodi

Kama umewahi kukosana na baba mkwe wako, unajua kwamba dawa ya kwanza ni nafasi. Yeye abaki kwake, wewe ubaki kwako, na katikati apite mshenga mwenye ulimi laini, achukue maneno makali ya huku ayafikishe kule yakiwa yamepoa. Mimi nafasi hiyo sikuipata. Katika miaka ya hamsini, ugomvi ukiwa bado mbichi, nilijikuta nimewekwa na baba mkwe wangu ndani ya shimo moja, tangu asubuhi mpaka jua kali, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka kwa sababu juu ya vichwa vyetu zilikuwa zikipita risasi.

Wakati huo nilikuwa fundi seremala katika shamba moja la mkonge. Kwangu ni Mabawa, Tanga mjini, chumba kimoja nilichokaa na mke wangu, mama yangu na dada zangu, tumetenganishwa na pazia. Mke wangu alikuwa binti wa Moa, huko juu karibu na mpaka, amezoea uwanja mpana na upepo. Alivumilia mwaka mzima. Kisha akaenda kwao kwenye harusi ya binamu yake, harusi ikaisha, mikeka ikakunjwa, yeye hakurudi. Nilipomfuata sikwenda na mtu mzima wala sikutanguliza salamu. Nilisimama barazani kwa baba yake nikauliza kwa sauti mke wangu yuko wapi. Majirani wakatoka kusikiliza. Mzee akaingia ndani akafunga mlango taratibu, bila hata kuubamiza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kupitia mshenga mzee alileta jibu moja tu. Binti yake harudi kwa mtu mwenye hasira, katika nyumba isiyo na hewa. Mwezi ule ukifika katikati, wazee wangekaa kwa kadhi, na mimi ningetakiwa nitoe talaka.

Nilimpenda mke wangu. Neno hili naliandika wazi hapa kwa sababu siku zile sikuwa na mtu wa kumwambia, na yeye mwenyewe sikuwa na njia ya kumfikia.

Sasa habari za Bwana, mwenye risasi zile. Meneja wa shamba letu alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, mwenye ugonjwa mmoja: shabaha ya mbali. Si kuwinda, nyama hakuijali. Alitaka kitambaa chenye duara jeusi kisimamishwe mbali mpaka jicho la kawaida lisilione, kisha alale kifudifudi na bunduki yake, apumue polepole kama mtoto aliyeshiba, apige. Palikuwa na mashindano ya watu wa namna yake huko Nairobi, naye alitaka kwenda akiwa amekwisha kuamua risasi gani ataibeba.

Kwa mazoezi alichagua jangwa la Moa. Ni uwanda mtupu nyuma ya mikoko, hauoti hata ukoka, watu wa zamani walikuwa wakichemshia chumvi pale. Upande mmoja alilala yeye. Upande wa pili, karibu robo tatu ya maili, lilichimbwa handaki lenye kina cha mtu mzima, mbele yake tuta nene la udongo la kukinga risasi. Mimi niliagizwa nitengeneze fremu ya kupandisha na kushusha shabaha. Niliitengeneza kwa mvule mkavu, nikaipima ikae barabara katika njia zake, isicheze wala kugongagonga. Nilijivuna sana kwa kazi ile.

Handakini alitaka watu wawili. Mmoja mimi, kwa sababu fremu ni yangu. Wa pili awe mwenyeji anayejua maji ya pale, maana bahari ikiwa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, hupenya mikokoni ikafunika jangwa lote, na maji mafu yakiwapo jangwa hubaki kavu siku kadhaa. Asubuhi ya kwanza nilipotelemka ngazi nilimkuta huyo mwenyeji ameketi juu ya jiwe, shuka jeupe alilojifunga kiunoni limekunjwa vizuri magotini, kofia ya viua kichwani. Nilitaka kupanda ngazi nirudi juu. Bwana alikuwa amekwisha kulala kwenye bunduki yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi."

Fundi. Si mwanangu, si mkwe, fundi tu, kama mtu aliyekuja kumtengenezea mlango.

Kwetu mtu hazungumzi na baba mkwe wake mambo ya mkewe. Hanyooshi miguu mbele yake, hacheki ovyo, hali naye sahani moja, na hata wakipishana njiani mmoja hushika pembeni. Handaki halikuwa na pembeni. Nikitaka kupokea gundi ya unga ya kuzibia matundu ilibidi mkono wangu upite mbele ya uso wake. Akitaka kujinyoosha ilibidi mimi nijikunje. Tulikula kwa kupeana mgongo, mimi na mkate wangu wa dukani, yeye na sahani yake iliyofunikwa kawa, na kila alipofunua lile kawa harufu ilinijia ya samaki aliyepakwa nazi na ndimu nyingi kupita kiasi. Nilimjua mpishi. Hakuna mtu mwingine duniani anayekamua ndimu namna ile. Nilitafuna mkate wangu nikitazama ukuta wa udongo.

Siku ya tatu au ya nne mzee alisimama akaenda kuangalia kamba ya fremu, akaacha sahani wazi juu ya jiwe. Nusu ya chakula ilikuwamo.

"Kimezidi," alisema, kama anauambia ukuta. "Nyumbani wapika kwa mkono mkubwa siku hizi."

Nilikula. Sikusema asante, kwa sababu sikujua kama ni mimi niliyepewa au ni paka.

Nieleze kazi yenyewe. Bwana alikuwa na makasha mawili. La kwanza lilijaa risasi za kawaida za jeshi, kitako chake bapa, kama penseli iliyokatwa kwa msumeno. La pili lilikuwa na risasi zilizotengenezwa kwa ajili ya bombomu, yaani bunduki za rashasha, wakati wa vita, nazo kitako chake kilisinyaa kama shetri ya nyuma ya mashua. Kiganjani uzito wake haukuachana. Kwa masafa ya karibu, Bwana alituambia, hakuna tofauti ya maana, zote zinafika na zote zinatoboa. Yeye alitaka kujua habari za mbali. Risasi ikishachoka, ikishaanza kupungua mbio mpaka inazidiwa na sauti yake yenyewe, ni ipi inayobaki imenyoka na ipi inayoyumba?

Hakutuambia anapiga ipi. Alizichanganya makusudi, akataka sisi tumjibu bila kujua. Kila mlio tulishusha fremu, tukaangalia tundu, tukaliziba kwa karatasi na gundi, tukapandisha fremu, kisha tukaonyesha kwa kibao kwenye mti mrefu mahali risasi ilipoingia. Tundu duara maana yake risasi imefika ikiwa imenyoka. Tundu refu maana yake imefika ubavuubavu, imepinduka njiani. Ikikosa kabisa tulipunga bendera nyekundu mbele ya shabaha. Akitaka kupumzika, au sisi tukipata tatizo, fremu ilishushwa ikabaki chini. Na kazi ikiisha aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwake. Kabla ya reli kulia, hakuna kutoa kichwa. Alitusisitizia hilo siku ya kwanza mpaka nikaona anatufanya wajinga.

Lakini handakini hukuhitaji kuambiwa. Zile za bombomu zilipita juu yetu kwa mlio mkali, pa! kama ubao mkavu unapasuka, na baadaye kidogo ndipo bunduki yenyewe ilisikika kule mbali. Zile za kitako bapa zilikuwa kimya. Zilikuja kwa mnong'ono, kitambaa kikachanika, basi. Mkwe wangu ndiye aliyezipa majina. Alisema siku moja, huku akikoroga gundi:

"Ile yapiga hodi. Hii haipigi. Yaingia tu, kama mtu asiye na kwao."

Nilijua ananisema mimi. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kwa mtu mwingine ningekuwa na jibu tayari, tena la moto. Kwa mkwe nilimeza, nikasema, "Ndiyo, mzee," nikashusha fremu. Siku zilivyokwenda nilimeza mengi mpaka usiku nilikuwa naumwa taya.

Na risasi zilijipambanua zenyewe, bila ya ubishi. Zile za kupiga hodi zilikaa pamoja, hata upepo wa baharini ulipoanza kuvuma zilisogea kidogo tu, tena zote upande mmoja. Zile nyingine zilitawanyika. Moja juu, moja chini, upepo kidogo zikasukumwa mpaka ukingoni, na kila baada ya tundu duara kadhaa tulipata moja refu. Bwana alikuwa akija jioni kukusanya vitambaa, anavishika kwenye mwanga, anatikisa kichwa. Ungedhani amekwisha kupata jibu lake. Lakini mtu wa namna ile hatosheki. Alitaka siku moja zaidi, jua likiwa kali, aone joto linafanya nini.

Sasa lazima niseme habari za mwezi. Mwanzo wa mwezi ule kulikuwa na wingu, na pale Moa watu waligawanyika. Kuna waliosema mwezi umeandama, wameuona kama ukucha. Kuna waliosema hakuna aliyeona kitu, mwezi uliopita ukamilishwe siku thelathini. Mkwe wangu alikuwa kiongozi wa hawa wa pili. Alibishana msikitini mpaka wenziwe wakachoka, na hesabu yake ndiyo iliyoshika. Sasa Bwana alipomuuliza kama siku ile jangwa litakuwa kavu mpaka mchana, mzee alihesabu kwa vidole kutoka siku yake ya msikitini akasema, kavu, maji hayapandi mpaka kesho. Wavuvi wa ndema na nyavu pale kijijini huenda wangesema vingine, lakini wao hawakuulizwa, na yeye asingewauliza. Kwake mwezi wa dini na mwezi wa maji ulikuwa mmoja, naye ameshautolea hukumu.

Siku ile jua lilitoka kali tangu asubuhi. Bwana alipiga polepole, akipumzika katikati. Jua lilipokaribia utosi nilichungulia kwenye pengo dogo lililokuwa ubavuni mwa tuta. Jangwa lote lilikuwa linang'aa na kutetemeka.

"Mazigazi," nilisema, yale maji ya uongo ya jua kali.

"Ndiyo joto lenyewe alilokuwa akilitaka," mzee akajibu.

Tukaendelea. Muda kidogo baadaye nilihisi kandambili zangu zinanata. Nikatazama chini. Handaki lilikuwa na maji ya vifundo, yanaingia kwa chini, kimya, na povu dogo la uchafu likizunguka juu yake. Nilichovya kidole nikaonja. Yalikuwa ya chumvi. Nikachungulia tena kwenye pengo, na sasa niliona kwamba kule kung'aa kulikuwa na majani ya mikoko yanayoelea.

Mzee alitazama maji kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Haya si maji ya leo," alisema. "Haya ni maji ya kesho."

Kwa mara ya kwanza nilitaka kumcheka baba mkwe wangu. Sikucheka, kwa sababu hapo hapo risasi ilipita, pa! na udongo ukatuangukia mabegani. Nikashika kamba nishushe fremu, tuiache chini, ndiyo ishara ya tatizo. Haikushuka. Nikaning'inia kwenye kamba kwa uzito wangu wote. Haikusogea hata unywele. Mvule wangu mkavu, niliouchonga ukae barabara usicheze, ulikuwa umekunywa maji ya bahari ukavimba katika njia zake. Fremu niliyojivunia ilikuwa imejifunga juu, na duara jeusi limesimama pale linamwita Bwana apige.

Alipiga. Tulikuwa hatuwezi kumwonyesha wapi, na hatuwezi kumwambia aache. Niliinyakua bendera nyekundu nikaipunga kwa nguvu zangu zote. Unajua bendera nyekundu maana yake nini. Nami nilijua, lakini sikuwa na kitu kingine. Kwenye darubini yake Bwana aliona amekosa. Akageuza parafujo za kulengea, akapiga tena. Nikapunga tena. Akaona amekosa tena. Kadiri nilivyopunga ndivyo alivyozidi kupiga, na kadiri alivyosahihisha ndivyo risasi zilivyozidi kwenda ovyo, moja ikapiga mgongo wa tuta ikaturushia tope mdomoni. Maji aliyaona, baadaye alikiri mwenyewe. Alidhani ni mazigazi.

Yalifika magotini, yakafika kiunoni. Ngazi ilikuwa nyuma yetu, na juu ya ngazi ni uwanda mtupu ambao risasi zilikuwa zikiulima. Niliogopa, tena sana. Nilikuwa na maji yanayonisukuma juu na risasi zinazonisukuma chini, na katikati nilikuwa na mzee mfupi ambaye maji yalishamfika kifuani, ameshikilia kofia yake isilowe. Zile zenye mlio sikuziogopa sana, maana ukisikia pa! imeshapita. Niliziogopa zile za kimya. Baada ya kila kimya sikujua kama nipumue.

"Fundi," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Kazi hii niliiomba mwenyewe."

"Kazi gani, mzee?"

"Hii ya shimoni. Bwana alitaka kumchukua mtu mwingine. Nikamwambia nichukue mimi. Nilitaka nikutazame. Nilitaka nione hasira zako zaishia wapi kabla sijamwachisha binti yangu. Na siku zote hizi wewe wasema ndiyo mzee, ndiyo mzee. Sijaona kitu. N'takufa maji nami sijui nimempa nani mwanangu."

Hapo hasira zangu zililipuka. Siku zote zile nilizokuwa nameza, nimekula kwa kumpa mgongo, nimeitwa fundi, nimenusa chakula cha mke wangu chini ya kawa la mtu mwingine, kumbe nilikuwa natazamwa kama mbuzi wa sokoni! Na hapo hapo, nikiwa nimefungua mdomo kumjibu, nililiona shuka lake. Lilikuwa jeupe, pana, likielea juu ya maji kumzunguka. Mimi nilivaa kaptula na shati la kaki. Kitu kimoja tu mle ndani kingeweza kufunika duara jeusi kikamfanya Bwana asione pa kulenga.

"Vua shuka!" nilipiga kelele.

Alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi maishani lakini sijatazamwa vile tena.

"Wasemaje?"

"Vua shuka, mzee, nilitundike kwenye shabaha! Vua sasa hivi, usinitazame! Watu watatukuta tumekufa hapa kwa sababu ya heshima?"

Mtu hasemi maneno hayo kwa baba mkwe. Hayasemi hata akilewa. Nilisikia kila neno likitoka, nikajua namwaga kila kitu nilichokuja kukitafuta Moa, na sikuweza kulizuia hata moja. Mzee alifumba macho. Kisha mikono yake ikaingia majini, ikafungua, akanipa shuka lake bila ya kunitazama. Nilivua shati langu nikampa. Alijifunga kiunoni akageukia ukutani, na mgongo wake ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani.

Nililifunga shuka kwenye ule mti wa kibao, nikaunyanyua huku nimejikunja chini ya tuta, nikalibwaga juu ya shabaha mpaka likafunika duara lote. Kukawa kimya. Kisha shuka likatikisika, mara moja tu, kwa mnong'ono. Haikupiga hodi hata hiyo ya mwisho. Baada ya hapo hakuna kilichokuja, na baada ya muda niliouona mrefu kuliko siku nzima, reli ikalia.

Nililishusha shuka, nikambeba mzee mgongoni nikapanda naye ngazi. Hakukataa.

Bwana alikuja akipasua maji, suruali imelowa mpaka mapajani, boi wake nyuma amebeba darubini. Nilidhani atauliza kama tuko hai. Aliliangalia shuka mkononi mwangu.

"Ile ya mwisho," alisema kwa Kiswahili chake cha shamba, "tundu iko namna gani? Duara ama refu?"

Lilikuwa refu. Refu kama kidole, limechanika ubavuubavu. Alilichukua shuka akalinyoosha kwenye mwanga, uso wake ukachanua. Ndilo jibu alilokuwa akilitafuta, alisema, bora kuliko vitambaa vyote. Risasi ya kitako bapa, kwa masafa yale na joto lile, imefika imelala. Angelipeleka klabuni akawaonyeshe wenzake. Akaanza kulikunja alitie mkobani.

Nyuma yangu alisimama baba mkwe wangu ndani ya maji, kofia kichwani, shati la seremala kiunoni, na boi wa Bwana anamtazama.

Nililinyakua shuka lile mkononi mwa Bwana. Sikumwomba. Nililivuta mpaka vidole vyake vikaachia, nikamwambia hiyo si shabaha, hiyo ni nguo ya mkwe wangu, na kama anataka matundu akatoboe suruali yake. Boi alishusha macho. Bwana aliwiva uso kwa hasira. Akasema kuanzia saa ile nisionekane shambani kwake, na vifaa vyangu vitatupwa barabarani. Nikasema vitupwe. Kisha nikageuka upande nikanyoosha mkono nyuma, bila ya kutazama, mpaka nikahisi mzee amelipokea shuka lake.

Tulitembea mpaka nchi kavu, yeye mbele mimi nyuma. Alipofika kwenye njia ya kijijini alisimama.

"Nimeona zinapoishia," alisema. Hakugeuka. "Mkeo ataletwa Mabawa na kaka yake. Kwa kadhi hatwendi. Mtafutie nyumba yenye dirisha."

Nilitaka kumshukuru. Aliinua mkono.

"Lakini umenivua nguo, nawe ni mume wa mwanangu. Uso wangu hauwezi kukaa na uso wako baraza moja. Kwangu usije."

Mke wangu aliletwa kabla ya wiki kuisha. Nilikuwa nimekwisha kupanga chumba kingine nyumba ya pili kutoka kwa mama, nimekitoboa dirisha mwenyewe, kubwa mpaka mwenye nyumba akalalamika. Furaha yangu siku ile siwezi kuipimia maneno. Aliniuliza shuka la baba yake lilipata nini, maana ndiye aliyelishona tundu lake, na mzee hakusema. Nami sikusema.

Na Moa sikwenda. Mke wangu alikwenda, watoto walikwenda kwa babu yao wakarudi wamenona. Mimi niliwasindikiza mpaka njia panda nikawasubiri pale pale, nimekaa juu ya gogo, paa la nyumba ya mkwe wangu naliona. Alijua nipo. Mara nyingine mtoto alirudi na samaki aliyefungwa kwenye majani, akasema babu amesema kimezidi. Nilikuwa na mke wangu, nilikuwa na mlango mmoja duniani usiofunguka, na huo ndio niliokuwa nikiutazama.

Uhuru ulikuwa unakaribia mzee alipofariki. Shemeji yangu alinikuta njia panda, pale pale gogoni, nimekuja na watu wa Mabawa kuzika lakini nimebaki nyuma yao.

"Twende," aliniambia. "Wewe ndiye wa kumwosha."

Nilimwambia amekosea, kuna wazee, kuna wanawe.

"Ni wasia wake. Kasema, 'Anioshe mkwe wangu. Yule alishaniona.'"

Nilipofika kwenye mlango wa chumba nilisimama. Ndani alikuwamo yeye peke yake, kitandani. Nilipiga hodi hata hivyo. Nikangoja kidogo, kama mtu anavyotakiwa kungoja, nikaingia.

Juu ya kiti waliniwekea shuka la kumstiri wakati wa kuoshwa. Lilikuwa jeupe, limefuliwa mara nyingi, na kati yake palikuwa na mshono mrefu kama kidole. Nilimfunika kutoka kitovuni mpaka magotini, nikaligeuza ili pale paliposhonwa pawe chini pasionekane. Shemeji akaniuliza kutoka mlangoni kama maji yanatosha. Nikamwambia yanatosha.